Fizi Zikiliwa, Je, Daktari Anaweza Kuzirudisha?

Jino lililotoboka hulia usiku. Mwenye nalo halali, bibi yake halali, na asubuhi kabla ya zamu kuanza yuko mlangoni pa dispensari akishika shavu. Ufizi haulii hivyo. Unaliwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, bila homa na bila maumivu makali, mpaka siku moja mtu anauma hindi la kuchoma na kusikia jino linacheza. Siku hiyo ndipo anaposema: «Daktari, meno yangu yamerefuka.»

Ndugu mfanyakazi, jino la mtu mzima halirefuki. Unachokiona ni mzizi uliobaki wazi kwa sababu ufizi uliokuwa ukiufunika umeondoka. Kwa meno ya chini ufizi umeshuka, kwa meno ya juu umepanda, lakini ugonjwa ni mmoja.

Wengi wa Masisi na Walikale wamesikia kwamba mijini kuna madaktari wanaopasua ufizi na kuurudisha mahali pake. Wengine wako tayari kuuza mbuzi, hata ng'ombe, ili wasafiri kutafuta upasuaji huo. Wengine wamekata tamaa na wanataka meno yote yang'olewe mara moja. Ukurasa huu wa Usalama na Afya unataka kuwajibu wote wawili. Jibu lenyewe ni hili: upasuaji huo upo, ni wa kweli, na unasaidia watu fulani. Lakini unakuja mwisho wa kazi, hauji mwanzo. Anayeanza na kisu kabla ya kusafisha kinywa anatupa fedha zake.

KAZI YA UFIZI

Kila mchimbaji anajua magogo tunayosimamisha shimoni ili mwamba usituangukie. Gogo likiwa zuri namna gani, kama udongo wa chini yake umechukuliwa na maji, halishiki kitu. Jino nalo ni hivyo. Linasimama katika mfupa wa taya, limefungwa kwa nyuzi ndogo sana zinazounganisha mzizi na mfupa, na juu yake ufizi umelizunguka kama kola ya shati. Ufizi mzima ni mgumu kidogo na hautoki damu ukipigwa mswaki. Kati ya jino na ufizi pana mwanya mdogo, na daktari akiupima kwa kijiti chake hukuta milimita 1 hadi 3.

Sehemu ya juu ya jino imevikwa gamba gumu kuliko mfupa. Mzizi hauna gamba hilo. Ndiyo maana mzizi ukibaki wazi, maji baridi ya mtoni au chai ya moto huchoma kama sindano. Mzizi pia huoza upesi, na hulika upesi ukisuguliwa kwa nguvu.

NJIA MBILI ZA KULIWA

Watu wengi hudhani ufizi huliwa kwa uchafu tu. Wengine husema ni uzee. Wataalamu walikwisha kulitazama jambo hili kwa miaka mingi, na baadhi ya watu waliowatazama walikuwa wafanyakazi kama sisi.

Kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, daktari Harald Løe wa Norwei na wenzake waliwafuata wanaume 480 waliofanya kazi katika mashamba ya chai ya Sri Lanka. Watu hao hawakuwa wakipiga mswaki wala hawakupata kumwona daktari wa meno. Upande wa pili waliwafuata wasomi wa Norwei waliotunzwa meno tangu utoto. Mwaka 1992 walieleza walichokiona kuhusu fizi zilizoliwa. Kwa wafanyakazi wa chai, zaidi ya 30 katika kila 100 walikuwa na fizi zilizoliwa kabla ya kufika miaka 20. Walipofika miaka 30 walikuwa 90 katika 100, na walipofika miaka 40 walikuwa wote. Fizi zao ziliharibika pande zote za jino, mbele, nyuma na katikati.

Lakini wasomi wa Norwei nao hawakusalimika. Zaidi ya 60 katika kila 100 walikuwa na fizi zilizoliwa wakiwa na miaka 20 tu. Tofauti ni kwamba kwao ziliharibika upande wa mbele, upande wa shavu na mdomo, pale mswaki unapopita kwa nguvu.

Basi njia ni mbili. Ya kwanza ni uchafu unaokaa kwenye jino na kuleta ugonjwa ambao unakula ufizi pamoja na mfupa. Ya pili ni kusugua kupita kiasi, ambako kunakula ufizi wa mbele ingawa kinywa ni safi. Daktari lazima ajue wewe umepita njia ipi, kwa sababu dawa zake si sawa.

Huku kwetu watu wengi wanazipita njia zote mbili kwa pamoja. Mtu hakai na mswaki siku nne, halafu Jumapili anasugua meno kwa majivu, kwa makala yaliyosagwa au kwa mchanga mpaka damu itoke, akiamini kwamba damu ni dalili ya usafi. Makala na mchanga vinang'arisha jino kama vile jiwe la kunolea linavyong'arisha panga, yaani kwa kulipunguza.

Tumbaku inaongeza ubaya. Inapunguza damu inayolisha ufizi, hivyo ufizi wa mvutaji unaweza kuwa mgonjwa sana bila kutoa damu ya kumwonya. Ugonjwa wa kisukari usiotibiwa nao unaharakisha uharibifu. Wako pia watu waliozaliwa na ufizi mwembamba, au na meno yaliyosimama nje ya mstari, na hao huliwa upesi zaidi.

WOTE HAWALIWI SAWA

Kwa anayetaka kung'oa meno yote, tunamwomba asome habari hii. Wafanyakazi wale wa chai wote walikuwa na uchafu mwingi menoni. Lakini ugonjwa ulikwenda mbio kwa watu wapatao 8 tu katika kila 100, na hao walipofika miaka 45 meno yao yalikuwa yamekwisha. Watu 81 katika 100 waliharibika polepole. Na 11 katika 100 walibaki na fizi nyekundu tu, bila mfupa kuliwa.

Karibu na kwetu, katika wilaya ya Machakos nchini Kenya, wataalamu walipima watu 1131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65, na mwaka 1988 walitangaza matokeo. Walikuta uchafu na ugaga, ule uchafu uliogeuka jiwe, karibu kwa kila mtu. Lakini uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa kwa watu wachache.

Maana yake ni kwamba ufizi ulioliwa si hukumu ya kupoteza meno. Wengi wenye fizi zilizoliwa wanaweza kuzeeka na meno yao wakijitunza. Na wale wachache ambao ugonjwa wao unakimbia wanapaswa kujulikana mapema.

JITAZAME MWENYEWE

Chukua kioo, simama kwenye mwanga wa mchana, vuta mdomo chini na juu. Mwonyeshe bibi yako, naye akuonyeshe wake. Tafuteni haya:

– ufizi mwekundu sana au uliovimba, unaotoa damu ukiguswa na mswaki;
– mstari wa njano chini ya gamba jeupe la jino (huo ndio mzizi);
– nafasi nyeusi zenye pembe tatu kati ya meno, ambazo zamani hazikuwapo;
– usaha ukiminya ufizi kwa kidole;
– jino linalocheza, au meno ya mbele yanayoanza kuachana;
– harufu mbaya isiyoisha hata baada ya kusafisha kinywa.

Anayeona damu peke yake bado ana bahati. Mwaka 1965 Løe huyo huyo, huko Aarhus nchini Denmark, aliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno kabisa. Kati ya siku 10 na 21, wote fizi zao ziliugua. Walipoanza tena kusafisha, zilipona kwa muda wa kama wiki moja. Damu ya ufizi ni onyo kama kengele ya shimoni. Ukiisikia, bado una wakati wa kutoka. Ufizi ukishaliwa na mzizi kubaki wazi, haurudi kwa kupiga mswaki wala kwa dawa ya mizizi wala kwa sindano.

Kwa ndugu wanaofanya kazi ya dhahabu, kuna onyo jingine. Fizi zikivimba na kuuma, mate yakawa mengi, kinywa kikawa na ladha ya chuma na mikono ikatetemeka, hayo yanaweza kuwa sumu ya zebaki inayochomwa ili kutenganisha dhahabu. Hapo usimwambie mganga habari ya meno tu. Mwambie na kazi uliyoifanya.

KABLA YA KISU

Katika kazi yetu hakuna anayeanza kuchoronga mwamba kabla ya kuangusha mawe yaliyolegea juu ya kichwa chake. Daktari wa fizi naye ana sheria hiyo hiyo.

Kazi ya kwanza ni kuondoa ugaga. Huu hauondoki kwa mswaki, kwani umeshika jino kama saruji. Mganga wa meno anaukwangua kwa vyombo vyake, juu ya ufizi na chini yake, mpaka mzizi uwe laini. Kama ni chini sana, anatia sindano ya ganzi kwanza. Kazi hii inaweza kumaliza siku mbili au tatu za kurudi kwake.

Kazi ya pili ni kumfundisha mgonjwa kusafisha meno. Usione haya kufundishwa. Mtu mwenye miaka 40 anaweza kuwa amefanya vibaya kwa miaka 35.

Kazi ya tatu ni kungoja. Baada ya wiki 6 hivi, au miezi 2 hadi 3, daktari anapima tena. Mara nyingi anakuta damu imekoma, mifuko iliyokuwa kati ya jino na ufizi imefupika, na meno yaliyokuwa yakicheza yameshika. Wagonjwa wengi safari yao inaishia hapo, wala hawahitaji kupasuliwa.

Jambo moja la kujua: ugonjwa ukipona, uvimbe hushuka, na jino huonekana refu zaidi ya kwanza. Watu wengine huogopa wakasema mganga amewaharibu. Hakuwaharibu. Uvimbe ulikuwa umeficha hasara iliyokuwapo tayari.

UPASUAJI WENYEWE

Kuna upasuaji wa namna mbili, na watu huuchanganya.

Wa kwanza ni wa kusafisha. Kama mfuko umebaki na kina kikubwa, milimita 5, 6 au zaidi, kifaa cha kukwangua hakifiki mwisho. Daktari anaufungua ufizi kama mtu anayefunua blanketi, anaona mzizi kwa macho, anausafisha, kisha anaushona ufizi mahali pake. Upasuaji huu unaokoa jino, lakini haurudishi ufizi juu. Ukipona, mzizi utaonekana zaidi kidogo. Usikubali kufanyiwa huu huku ukidhani ni ule mwingine.

Wa pili ni wa kufunika mzizi. Mwaka 1956 Wamarekani Grupe na Warren walieleza namna ya kuutelezesha ufizi wa jino la jirani mpaka ufunike mzizi ulio wazi. Mwaka 1963 Björn wa Uswidi alieleza namna ya kukata kipande chembamba kutoka kaakaa, yaani dari ya kinywa, na kukishona mahali palipoliwa. Mwaka 1985 Langer na Langer, wa Marekani pia, waliiboresha njia hiyo. Kipande kinachukuliwa chini ya ngozi ya kaakaa, kinawekwa juu ya mzizi, na ufizi wenyewe unavutwa na kukifunika, hivyo kinapata damu kutoka pande mbili kama mche uliopandwa katika udongo wenye unyevu. Hata leo njia hii ni ya kutegemewa sana. Mahali pengine ufizi wa hapo hapo unatosha, nao unavutwa tu na kushonwa bila kuchukua kipande.

Kazi hiyo hufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho, meno machache kwa siku moja. Hatufichi kwamba kaakaa huuma baadaye. Kidonda chake huchukua wiki 2 hadi 4 kupona.

NANI ATAFAIDIKA

Daktari mzuri anatazama kwanza katikati ya meno. Kama ufizi na mfupa wa katikati bado uko mzima, na kilicholiwa ni upande wa mbele tu, mzizi unaweza kufunikwa wote. Kama wa katikati umeanza kuliwa, utafunikwa nusu. Kama umekwisha liwa sana, pande zote, hakuna kisu kitakachourudisha, na daktari mwaminifu atakuambia hivyo.

Angalia basi neno hili. Waliopita njia ya kusugua kupita kiasi ndio wanaofaidika zaidi na upasuaji wa kufunika. Waliopita njia ya ugonjwa wanafaidika zaidi na usafi, na pengine na upasuaji wa kusafisha.

Tena si kila mzizi ulio wazi unahitaji kufunikwa. Ukiwa na miaka 50, ufizi umeshuka milimita 2, hauumi na hauongezeki, pima kila mwaka na uendelee na kazi yako. Sababu za kutaka upasuaji ni hizi: ufizi unaendelea kuliwa ingawa umejifunza kusafisha vizuri, maumivu ya baridi na moto hayatulii, mzizi umeanza kuoza, au ufizi uliobaki ni mwembamba hata mswaki hauwezi kupita bila maumivu.

Anayevuta tumbaku aache kabla ya kupasuliwa, kwani kipande kilichoshonwa huishi kwa damu, na moshi hukinyima. Mwenye kisukari atibiwe kwanza. Anayekunywa dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema.

MFANYAKAZI ALIYEPASULIWA

Mgonjwa arudipo nyumbani, ayashike haya:

Siku 2 au 3 za kwanza asibebe mzigo mzito wala kuinamainama. Nguvu inaposukuma damu kichwani, kidonda kinaweza kufunguka. Kwa hiyo aombe karatasi ya daktari ya mapumziko na kuipeleka kwa kapita wake. Kapita naye asimdharau kwa kuwa «ni meno tu».

Asipige mswaki mahali palipopasuliwa kwa muda wa wiki 2 hivi, au kama alivyoagizwa. Badala yake asukutue kwa dawa aliyopewa, ambayo mara nyingi ni klorheksidini. Sehemu nyingine za kinywa apige mswaki kama kawaida.

Ale vyakula laini: uji, ndizi zilizopondwa, viazi, maziwa. Hindi la kuchoma, muwa na pilipili vingoje. Kasiksi na pombe nyingine pia.

Asivute mdomo kila saa ili kuonyesha rafiki zake. Nyuzi nyembamba hukatika kwa sababu ya mtazamaji mmoja. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14.

Damu kidogo katika mate siku ya kwanza ni kawaida. Damu isiyokoma baada ya kubana kwa kitambaa safi dakika 20, homa, au uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu, arudi kwa daktari mara moja.

KUTOKA MASISI NA WALIKALE

Hospitali kuu za Masisi na Walikale zina kazi kubwa ya majeraha, malaria, uzazi na watoto. Upasuaji wa kufunika mizizi unahitaji daktari wa meno aliyejifunza kazi hiyo hasa. Nchini mwetu Chuo Kikuu cha Kinshasa kina kitivo cha udaktari wa meno, na nchi jirani zina shule zao, kama Makerere huko Kampala, Nairobi, na Muhimbili huko Dar es Salaam. Kutoka Masisi mpaka Goma ni kama kilomita 80 za milima, na kutoka Walikale ni zaidi ya 100, kwa barabara ambazo mvua na vita vimezifunga mara nyingi.

Tunakumbuka wote mwezi wa tatu mwaka 2025, wakati vita vilipofika Walikale. Mgodi wa Bisie ulisimamisha kazi, ukaanza tena kidogo kidogo mwezi wa nne. Familia zilikimbilia porini na vijijini. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, sufuria na blanketi. Habebi mswaki. Hilo ni jambo la kueleweka, lakini fizi hazijui vita.

Kwa hiyo usipande moto wala gari kabla ya kuuliza. Mwombe mganga wa dispensari akuandikie barua na apige simu kwanza. Uliza mambo matano: Je, daktari wa fizi yupo siku hiyo? Ataanza kwa kusafisha, au anataka kupasua siku ya kwanza? Katika meno yangu ni mangapi yatafunikwa, na ni kwa kiasi gani? Nitarudi mara ngapi? Bei yote ni kiasi gani, pamoja na dawa na kutoa nyuzi? Anayeahidi kurudisha fizi zote kwa siku moja, bila hata kupima katikati ya meno, mkimbie.

Ujue pia haki yako. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi na jamaa yake matibabu, nayo inahesabu pia upasuaji na matibabu ya meno. Peleka barua ya mganga kwenye ofisi ya kazi kabla ya kuuza mbuzi wako.

Usiende kwa mtu wa sokoni mwenye koleo. Wala usitie asidi ya betri, petroli au unga wa vidonge kwenye ufizi. Vitu hivyo huchoma nyama na mfupa, na mahali palipochomwa hata daktari bora hapati ufizi wa kuvuta.

MTOTO MWENYE UFIZI UNAONUKA

Akina mama, sehemu hii ni yenu hasa. Kuna ugonjwa wa fizi ambao haungoji miaka. Unaitwa noma. Unawashika hasa watoto wa miaka 2 hadi 6 walio dhaifu kwa njaa, mara nyingi baada ya surua au malaria. Unaanza kwa ufizi kutoa damu, kuoza na kunuka vibaya. Baada ya siku chache shavu linavimba, linakuwa jeusi, kisha linatoboka. Tarehe 15 Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza noma katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Shirika hilo linasema kwamba bila matibabu watoto hata 90 katika 100 wanakufa. Waliopona kwa kuchelewa hubaki bila shavu au mdomo, na upasuaji wa kuwatengeneza ni mrefu na uko mbali.

Lakini noma ikikamatwa ingali kwenye ufizi, dawa za kawaida za kuua vijidudu, kusafisha kinywa na chakula kizuri huizuia kabisa. Mtoto ambaye ufizi wake unatoa damu na kunuka, naye amekonda au ametoka katika surua, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, si baada ya soko. Kumchanja surua na kumlisha vizuri ni kinga yake ya kwanza.

Mama mjamzito naye asishangae fizi zake zikitoa damu zaidi. Mimba huzifanya laini. Asiache mswaki kwa kuogopa damu, bali asafishe kwa upole na kumwambia mkunga. Kukwanguliwa ugaga wakati wa mimba si hatari.

KILA SIKU NYUMBANI

1. Piga mswaki mara 2 kwa siku, asubuhi na kabla ya kulala, dakika 2. Ile ya usiku usiikose kamwe.

2. Chagua mswaki laini. Ulaze kidogo kuelekea ufizi, usogeze polepole kwa mizunguko midogo. Ushike kwa vidole kama kalamu, si kwa ngumi kama nyundo. Nywele za mswaki zikilala upande kabla ya miezi 3, unasugua kwa nguvu mno.

3. Mswaki wa mti ni mzuri pia ukitafunwa mpaka uwe laini kama brashi. Acha majivu, makala na mchanga.

4. Dawa ya meno yenye floridi inalinda mzizi ulio wazi. Kiasi cha punje ya haragi kinatosha.

5. Kila mtu wa nyumba awe na mswaki wake.

6. Fizi zikiuma, sukutua kwa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, kikombe kimoja na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Hii hutuliza, haiponyeshi ugaga.

7. Kula mapera, machungwa, mapapai na sombe iliyopikwa vizuri. Mwili uliokosa matunda na majani kwa miezi hutoa damu ya fizi. Aliye na maziwa au jibini la Masisi awape na watoto.

8. Shimoni vaa kinga ya vumbi, upumue kwa pua. Ni kwa ajili ya mapafu kwanza, lakini kinywa kinachoachwa wazi siku nzima hukauka, na fizi huugua.

9. Acha tumbaku.

10. Onyesha meno yako kwa mganga mara moja kwa mwaka, hata kama hakuna kinachouma.

Ndugu wafanyakazi, upasuaji wa fizi ni kazi nzuri, na tunatamani siku ambayo utapatikana karibu na kila mgodi. Lakini daktari akimaliza kushona, anakurudishia kinywa chako. Kesho yake, na siku zote baada ya hapo, ni mkono wako wenyewe unaoshika mswaki. Mkono huo unaweza kuanza kazi leo jioni, bila safari na kwa franga chache.